Mwili Hauna Haipo

Mpwa wangu, ile chupa uliyoniachia mezani siku ya Ijumaa sijainywa. Nimeiinua mara kadhaa kwenye mwanga wa dirisha, nikaiona ile rangi ya manjano unayojivunia, hafifu kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Ulisema ni dawa ya kikohozi changu, na ya magoti, na ya presha, na kwamba mama yako anakunywa bilauri moja kila asubuhi tangu mfungo wa Ramadhani. Nilikuitikia tu. Nilikuwa nimechoka, na baraza ilikuwa imejaa watu. Lakini kunyamaza kwangu usikuhesabu kuwa ni kukubali. Leo nimetulia, nimevaa miwani, nataka tusemezane taratibu, maana jambo hili nimekwisha kukugusia mara mbili na mara zote mbili umenijibu, "Mjomba, wewe mtu wa zamani."

Ni kweli, mimi ni mtu wa zamani. Na katika huo uzamani wangu, miaka 34 niliimaliza ndani ya chumba cha giza hapa Tanga, taa nyekundu juu ya kichwa, mikono ndani ya sinia za dawa, nikisafisha picha za watu. Picha za paspoti, picha za harusi, picha za mtoto aliyefikisha siku arobaini, picha za mzee aliyepelekwa studio na wanawe kwa sababu walijua hana siku nyingi. Kila picha niliyoisafisha ilikuwa fedha. Wengi hawakulijua hilo, walidhani ni wino. Weusi wa nywele za bibi harusi, kivuli cha pua, ukingo wa kofia ya kiua, vyote vile vilikuwa punje za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya utandu wa jelatini. Wewe fedha umekutana nayo mwaka jana ndani ya simu. Mimi nimekaa nayo nyumba moja nusu ya umri wangu, na tabia yake naijua.

Kifaa chako nilikitazama vizuri. Chupa ya jemu iliyooshwa ikatakata, nyaya mbili za fedha safi zenye urefu wa kidole cha kati, zimeshikwa na vibanio na kuning'inizwa bila kugusana, na betri tatu za mraba za volti 9 zilizofuatanishwa hadi zikafika volti 27. Kazi ya mkono wako ni safi, umeirithi kwa babu yako aliyekuwa fundi wa redio. Na sisemi kwamba hakifanyi kazi. Kinafanya kazi barabara, na hofu yangu inaanzia hapo hapo. Waya uliofungwa kwenye ncha chanya unaliwa. Chembe zake zinaacha elektroni nyuma, zinaingia majini zikiwa ioni, na ukiacha saa moja utaona waya wa pili unatoa vipovu vidogo vya haidrojeni na kuota manyoya meusi kama masizi. Sehemu kubwa ya unachokiita koloidi ni hizo ioni, fedha iliyoyeyuka kabisa. Punje zinazoelea, zile zinazotia manjano, ndizo chache.

Nilikuuliza, umejuaje kiasi cha fedha kilichomo? Ukanijibu kwamba unaangalia rangi, na kwamba una kile kijiti cha kupimia maji kinachoonyesha namba. Mwanangu, rangi inakwambia ukubwa wa punje zaidi kuliko wingi wa fedha. Kijiti nacho kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, hakitofautishi fedha na chumvi ya kisimani. Kipimo cha kweli kipo, ni kile cha Faraday, na ni kikali kama mizani ya sonara: mkondo wa miliampea 1 ukipita saa moja unatoa kwenye waya kama miligramu 4 za fedha. Fedha ni mwaminifu kwa umeme kiasi hicho hata mwaka 1908, mataifa yalipokutana London kuafikiana vipimo, ampea yenyewe waliifafanua kwa fedha: mkondo unaotuamisha miligramu 1.118 kila sekunde. Maji ya betri yasiyo na asidi, yaliyokenekwa, yanaupinga umeme, kwa hiyo mkondo huanza kidogo sana kisha hupanda kadiri fedha inavyoingia. Sasa niambie, ile wiki maji ya betri yalipokwisha dukani ukatumia ya kisima chetu, yenye chumvi mpaka sabuni haitoi povu, mkondo ulipanda hadi wapi? Hukupima. Ikiwa ulifika miliampea 20, hizo ni miligramu 80 kwa saa. Na maji yale yalitoka na mawingu meupe, ukayachuja kwa kitambaa, ukayatia chupani.

Naujua mchezo huo kwa sababu niliucheza kinyume chake. Dawa ya kukaza picha ikishachoka inakuwa imebeba fedha nyingi iliyotoka kwenye filamu na karatasi. Tulikuwa tunaikusanya kwenye ndoo, tunatumbukiza kipande cha chuma kisichoshika kutu na fimbo ya kaa, tunapitisha umeme mdogo usiku kucha, na asubuhi chuma kimevaa ngozi ya fedha ya kubandua na kumpelekea sonara. Ukiongeza umeme kwa pupa, unaharibu: badala ya fedha inayong'aa unapata tope jeusi na harufu ya mayai viza. Bwana aliyenifundisha alikuwa akinigonga bega, "Polepole, usikimbize." Hata sisi tuliokuwa tunaitoa fedha ndani ya uchafu, tulipima mkondo. Wewe unayeipeleka kwenye kinywa cha mama yako hupimi.

Dawa ile ya kukaza, kwa lugha ya kazini, tuliiita haipo. Ikumbuke, nitairudia.

Jumamosi saa nne asubuhi nilichukua bilauri safi, nikamimina humo maji yako, meupe kabisa kwa macho kwa kuwa bilauri ni ndogo. Nikachota chumvi ya jikoni kwa vidole viwili, nikaidondosha. Mwanao mkubwa alikuwa amesimama kando yangu anatazama. Kabla chumvi haijafika chini, wingu likazuka, jeupe, likatanda taratibu kama maziwa kwenye chai. Mtoto akashangilia. Mimi moyo uliniuma, maana wingu lile nalijua kwa jina, ni kloridi ya fedha. Tukaiweka bilauri juu ya ukuta wa uani, juani. Nilipotoka kuswali adhuhuri nikaenda kuitazama. Wingu lilikuwa limetua chini, utandu mwembamba, na haukuwa mweupe tena. Umekuwa wa rangi ya zambarau iliyochanganyika na majivu, rangi ya mbingu ya upande wa Pemba mvua ikiwa njiani.

Hiyo ndiyo karatasi yetu ya picha, mwanangu. Uliyoitengeneza chupani nikaimalizia kwa chumvi ndiyo iliyopakwa juu ya karatasi tangu miaka ya 1830, wakati Mwingereza William Henry Fox Talbot alipokuwa akichovya karatasi kwenye maji ya chumvi, akaipaka naitreti ya fedha, akaiweka juani na jani la mti juu yake. Fedha ikikutana na kloridi, kisha na mwanga, inakuwa nyeusi. Haihitaji ruhusa ya mtu.

Mtoto akataka kuona zaidi, nikamtolea boksi la karatasi za mwisho nilizobaki nazo studio ilipofungwa. Zimezeeka, lakini fedha haizeeki. Nikaiweka moja juu ya kigae, juu yake ufunguo wa kabati la bibi yake, tukaiacha juani. Dakika kumi hazikufika, karatasi nzima ikawa ya rangi ile ile ya zambarau na majivu, na tulipoondoa ufunguo, umbo lake likabaki jeupe, mpaka meno yake. Nikaingia ndani haraka, nikaikata karatasi katikati. Nusu moja nikaitia kwenye haipo, maana kopo la punje zake bado ninalo, zinafanana na chumvi ya mawe. Nusu ya pili nikampa mtoto akaibandika ukutani. Jumapili jioni akaja kwangu na uso wa huzuni. Ufunguo wake umepotea. Mwanga wa chumbani tu ulitosha, mahali peupe pamekuwa na rangi moja na pengine. Nusu iliyopita kwenye haipo mpaka leo ina ufunguo wake mweupe, na hata mwanao akizeeka itakuwa nao.

Kazi ya haipo ni hiyo. Inayeyusha ile fedha ambayo bado haijaguswa na mwanga na kuiondoa, ili mwanga usiwe na kitu cha kufanyia kazi tena. John Herschel ndiye aliyeiingiza kwenye upigaji picha mwaka 1839, na bila ya hiyo tusingekuwa na picha hata moja ya kuweka ukutani. Zingekuwa zinaungua zenyewe mbele ya macho yetu.

Sasa nakuomba uufikirie mwili wa mtu. Tumbo lina asidi ya haidrokloriki, damu ina chumvi. Fedha unayomnywesha mama yako inakutana na kloridi kabla haijafika popote, kisha inashikwa na protini zenye salfa, inazunguka mwilini. Nyingi inatoka kwa choo, simfichi mtu. Sehemu ndogo inabaki, na inayobaki inajilaza kwenye ngozi, kwenye ini, kwenye figo. Ya kwenye ngozi inalipata jua. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliifuata safari hiyo hatua kwa hatua na kukuta kwamba ngozini mwanga unaigeuza kuwa fedha halisi, kisha inashikana na salfa na seleniamu na kutulia. Ni jambo lile lile la ukuta wetu wa uani. Tofauti ni moja. Mwili hauna haipo. Hakuna sinia la kumtumbukiza mtu ili lile lililobaki ndani yake lioshwe. Madaktari wa zamani walifikia hata kuwadunga watu haipo yenyewe chini ya ngozi, na haikuwa njia ya kumponya mtu mwili mzima. Siku hizi wachache hupigwa leza, kipande kidogo baada ya kipande, kwa maumivu makali.

Ugonjwa huo una jina, arjiria, na wenye nao si watu wa hadithi. Paul Karason, Mmarekani, alikuwa na kifaa kama chako. Alijitengenezea mwenyewe maji ya fedha nyumbani kwa umeme, akayanywa zaidi ya miaka kumi, na mengine akajipaka usoni kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi. Akawa wa buluu, uso mzima na mikono, hata Marekani nzima ikamjua alipotokea kwenye televisheni mwaka 2008. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 62. Kuna neno alilolisema ambalo mimi, mtu wa picha, halinitoki: hakuona. Rangi ilikuja polepole mno, kila siku alijitazama kwenye kioo akajiona yule yule, mpaka rafiki ambaye hakuwa amemwona kwa miezi kadhaa alipomtembelea akamuuliza umefanya nini. Ndiyo maana ukiniambia, "Mama namwona kila siku, hajabadilika," jibu lako halinitulizi. Wewe ndiye wa mwisho kujua.

Mwingine ni Stan Jones wa Montana. Huyu alikuwa na hofu kwamba ikifika mwaka 2000 kompyuta zote zitakwama na dawa za viuavijasumu zitaadimika, akaanza mwaka 1999 kujitengenezea maji ya fedha ili ajikinge. Kompyuta hazikukwama. Mwaka 2002 alipogombea useneti, wapiga kura waliona kwanza rangi ya uso wake kabla ya kusikia sera. Na yupo Rosemary Jacobs, ambaye kisa chake kinanisikitisha kuliko vyote, kwa kuwa yeye hakuchagua. Alikuwa binti wa miaka 11, miaka ya 1950, daktari akampa matone ya pua yenye fedha. Akakua na ngozi ya kijivu, na maisha yake yote ya utu uzima aliyatumia kuwaonya watu wasiifanye tena kosa lile. Kwa hiyo usidhani madaktari wanaikataa fedha kwa sababu hawaijui. Waliitumia. Wakaiona inavyofanya. Wakaiacha, dawa bora zilipopatikana.

Wewe ni mweusi, mama yako ni mweusi, na nilishakusikia ukisema kwamba ubuluu ni mambo ya wazungu. Ngozi yetu inaficha zaidi, ni kweli, na hiyo si bahati. Kwetu panapoanza kuonekana ni kwenye ufizi, kwenye weupe wa jicho, na kwenye mzizi wa kucha. Na daktari asiyeambiwa habari za maji ya fedha, akiona kucha za mtu zimekuwa za buluu, atafikiri moyo au mapafu hayapeleki hewa, atamhangaisha mgonjwa kwa vipimo vya ugonjwa asionao.

Siinyimi fedha haki yake. Ni kweli inaua vijidudu, video zako hazikudanganya hapo. Carl Credé wa Leipzig alipoanza mwaka 1880 kuwatia watoto wachanga tone la naitreti ya fedha machoni, maradhi ya macho yaliyokuwa yakimpata takriban mtoto mmoja kati ya kumi yalishuka hadi chini ya mmoja kati ya mia. Ni watoto wangapi walioona nuru ya dunia kwa sababu ya tone lile! Mtu akiungua moto, hospitali wanampaka krimu nyeupe ya salfadayazini ya fedha. Vyungu vya udongo vya kuchujia maji hupakwa fedha, na kazi inafanyika. Lakini angalia ziko wapi zote hizo: juu ya jicho, juu ya kidonda, ndani ya udongo. Kijidudu kimekutana na fedha uso kwa uso. Ukishaimeza, tayari chumvi na protini zimeishika kabla haijakutana na kijidudu chochote, kama nilivyokuonyesha kwa bilauri. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua mwaka 1999 kwamba dawa zozote za kununua dukani zenye koloidi ya fedha hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu. Machi 2020, korona ilipoingia, iliwaandikia wauzaji saba kuwaonya wasiwadanganye watu, na miongoni mwao walikuwemo wa maji ya fedha. Na wale wanaokwambia kijidudu hakiwezi kuizoea fedha, waambie wasome habari za Boston, miaka ya 1970: kwenye wodi ya walioungua ya Massachusetts General Hospital walipata salmonela iliyokuwa haishtuki kwa fedha, na watu walikufa.

Nilikaa na kalamu nikakupigia hesabu, maana najua unaheshimu namba. Tuchukue kwamba chupa yako ni kama unavyosema, miligramu 20 ndani ya lita. Bilauri ya mililita 200 ina miligramu 4. Kipimo kinachotumiwa na Marekani kwa kinga ya arjiria ni maikrogramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mama yako ana kilo 60, kwa hiyo kiasi chake cha siku ni miligramu 0.3. Unampa mara kumi na tatu ya hicho. Tangu Ramadhani ni siku kama 90, amekwisha kunywa miligramu 360. Shirika la Afya Duniani limekadiria gramu 10 kuwa jumla ya maisha yote ambayo mtu anaweza kuipokea bila madhara kuonekana, na kwa mwendo wako dada yangu atazimaliza kabla ya miaka saba. Hayo ni kama chupa zote ni za miligramu 20. Zile za maji ya kisima sijui nizihesabuje, na wewe hujui.

Kisha nikamhesabia mdogo, yule wa miaka miwili, mwenye kilo 12. Vijiko viwili vya chai mara tatu kwa siku. Nilipofika kwenye jibu niliweka kalamu chini. Ni mara kumi ya kiasi chake.

Lakini si rangi ya ngozi inayonikosesha usingizi kwa mtoto yule. Ni ile homa ya mwezi uliopita. Siku ya kwanza alichemka, ukampa fedha. Siku ya pili akatapika, ukamwongezea. Siku ya tatu alfajiri mkeo alimchukua mgongoni bila kukuaga, akampeleka zahanati, wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa mseto, na baada ya siku mbili alikuwa anakimbiza kuku. Ukasema fedha ilikuwa imeshamwandalia njia. Baba, malaria ya mtoto mdogo inaweza kugeuka kali ndani ya siku moja. Nimepiga picha za watoto waliokuwa wazima Jumatatu, na Ijumaa mzazi akarudi kuomba nimkuzie ile picha ndogo kwa sababu hana nyingine. Sijasahau sura za wazazi wale wakisimama kwenye kaunta wakisubiri. Usijiingize kwenye foleni ile.

Na mama yako ameacha vidonge vya presha. Aliniambia kwa siri, nami nakuvunjia siri hiyo kwa kuwa ni uhai wake. Alisema, "Mwanangu amenitengenezea dawa kwa mkono wake, nikimeza na za hospitali ataona simwamini." Hapa ndipo mapenzi yalipotufikisha. Hata angezimeza zote pamoja, fedha hushikamana na baadhi ya dawa tumboni na kuzizuia zisiingie mwilini, kama zile za tezi ya shingo na baadhi ya viuavijasumu vya jamii ya tetrasaiklini. Kwa hiyo ukisikia jirani anameza doksisaiklini na anakunywa chupa yako, ujue unamwibia dawa yake.

Maana sasa wako majirani. Umeanza kuwauzia, shilingi elfu tano chupa. Anayeuza dawa nchini sharti iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hilo unalijua, sitalirefusha. Nakwambia hili moja tu: wanakununulia kwa sababu wewe ni mtoto wa nyumba yetu, na jina unalouza nalo ni la babu yako.

Sidhani kwamba umefanya haya kwa uovu. Ninaijua njia uliyopita. Mke wangu alipougua sukari, tulizunguka. Tulikunywa vikombe vya huyu na yule, tulichemsha mizizi, tulifunga safari za usiku. Mtu akikupa kitu cha kushika mkononi wakati huna la kufanya, unakishika. Foleni ndefu, dawa ghali, maneno ya daktari machache na ya haraka. Kisha unafungua simu, mtu anakwambia kwa sauti tulivu kwamba uponyaji umo jikoni kwako, kwenye chupa ya jemu. Na hofu yako ya usugu wa dawa si ya kipuuzi, dawa zinachakaa kweli. Unataka uwakinge watu wako. Ningekuwa na umri wako, na mikono yako, huenda ningezifunga betri zile zile.

Kwa hiyo nakuomba. Chupa zote ulizonazo usizimwage mferejini, zilete kwangu, nitazitia chumvi, zitue, nitajua la kufanya na tope lake. Nyaya ni fedha safi, sonara atakupa bei nzuri, na pesa hiyo uwarudishie majirani. Betri uzirudishe kwenye redio. Mama yako aanze tena vidonge vyake, lakini kwanza aende apimwe, na amwambie daktari wazi amekunywa nini, muda gani. Siku 90 si miaka kumi. Naamini tumewahi.

Nitakuja kwenu kesho saa tatu, jua likiwa limepanda. Mwambie dada yangu akae barazani penye mwanga, na asipake hina nyingine kabla sijafika. Ile ya Idi itakuwa imeshasogea juu, mizizi ya kucha iko wazi, na ninataka kuiangalia mwenyewe.